Visigino vya ukwato vimebana mguu wa mbele: kuna kiatu cha kuvifungua?

#1 SaisiWaTigoni

Wakuu, heshima kwenu. Humu ndani wengi ni watu wa ng'ombe na kuku, ila najua kuna wadau wa farasi wamejificha. Leo naomba wajitokeze.

Kuna jike la miaka 11 hapa bandani ninapofanya kazi, upande wa Limuru. Ujanani alikimbia pale Ngong, siku hizi anabeba watoto wanaojifunza kupanda. Mguu wa mbele wa kushoto umekuwa mwembamba nyuma. Ukiuinua na kuutazama kwa chini, visigino viwili vinakaribia kukutana, na frogi, ule mto wa pembetatu ulioko katikati, imenyauka imebaki ukanda tu. Katikati ya frogi kuna ufa umepanda hadi kwenye ngozi ya nyuma. Chuma cha kusafishia kwato kinazama humo, na ukikitoa kinanuka. Mguu wa kulia una nafuu.

Kwenye nyasi anaenda sawa. Kwenye changarawe anakata hatua na kuinua kichwa. Viatu anabadilishiwa kila wiki 8, saa nyingine zaidi, maana bosi anabana matumizi.

Sasa fundi anayetuhudumia anataka kumpiga kiatu kilichofungwa nyuma kwa chuma. Bosi naye amesoma mahali kwamba kuna springi zinatiwa katikati ya visigino ili zivisukume nje. Mimi ndiye nitakayekesha na huyu mnyama akiumia, kwa hiyo nisaidieni: ni kiatu gani kinafungua ukwato uliobana?

#2 BwanaKejeli

Kumbe hata farasi wanauziwa viatu vya kubana. Naweka kiti hapa, endeleeni.

#3 TupaNaNyundo

Saisi, umeanzia mwisho. Hakuna kiatu kinachofungua ukwato. Ukwato unafunguliwa na uzito wa farasi mwenyewe anapokanyaga kwa kisigino. Kiatu kizuri kinapisha kazi hiyo, kibaya kinaizuia. Kazi hii nilijifunzia Nairobi, sasa niko Sharjah kwenye mabanda ya farasi wa mbio ndefu za jangwani, na habari ya visigino vilivyobana nakutana nayo kila wiki, huku na huko.

Iko hivi. Ukuta wa ukwato upande wa mbele hausogei. Nyuma ndiko kwenye uhai: farasi akitua, mto wa ndani ulio juu ya frogi na gegedu za pande mbili vinasukumana, visigino vinaachana kidogo sana, milimita moja hivi au hata pungufu. Akiinua mguu vinarudi. Kama huamini, chukua kiatu kilichong'olewa leo, kigeuze upande uliokuwa umelala kwenye ukwato. Pale visigino vilipokaa utakuta chuma kimelika na kung'aa, mara nyingine kuna kijifereji kabisa. Upande wa ncha hakuna kitu. Pembe laini ya ukwato imekuwa ikisugua chuma kila hatua mpaka ikakila. Siku fundi akija, linganisha kiatu cha kushoto na cha kulia, kisha uje utuambie.

Kwa hiyo ukiona visigino vimebana, maana yake nyuma hakufanyi kazi. Sababu ni nyingi na zinapandana. Ncha ya mbele imeachwa ikawa ndefu na visigino vikajikunja kwenda mbele chini ya mguu. Au visigino vimeachwa virefu mpaka frogi ikaning'inia hewani, haigusi ardhi. Au misumari imepigwa nyuma mno ikavifunga. Au kiatu ni kifupi na chembamba, ukwato unakua kufuata kiatu. Au farasi anakaa chumbani saa ishirini na tatu kwa siku. Au panamuuma huko nyuma, kwa hiyo anakwepa kupakanyagia, na pasipokanyagiwa pananyauka.

Nijibu haya. Msumari wa mwisho uko wapi ukilinganisha na pale ukwato ulipo mpana kuliko pote? Akitembea taratibu kwenye sakafu ngumu, umemsimamia ubavuni, anatua kwa kisigino, anatua bapa, au anatua kwa ncha? Na upime frogi kwa futi ya fundi cherehani: urefu na upana. Kwenye ukwato wenye afya upana unakaribia theluthi mbili za urefu.

Halafu huo ufa unaonuka unanitia wasiwasi kuliko kiatu chochote. Nitarudi.

#4 PekuPeku

Nilijua tu tutaanza na misumari. Mwenye uzi, ng'oa viatu. Mimi niko Uholanzi, ninahudumia farasi wasiovaa chuma, na nimeona visigino vilivyobana vikipanuka bila kupigwa hata msumari mmoja.

Yule Robert Bowker wa Chuo Kikuu cha Michigan State amechunguza sana sehemu ya nyuma ya mguu wa farasi. Mtoto wa farasi anazaliwa na mto wa ndani ulio laini, mafuta matupu. Unakomaa na kuwa mgumu kwa kukanyagiwa, mwaka hadi mwaka. Sasa mchukueni farasi wa mbio, pigeni viatu akiwa na miaka 2, mfungieni chumbani, halafu mshangae akifika miaka 11 mguu haujakomaa. Tatizo limetengenezwa na chuma, mnataka litibiwe kwa chuma.

#5 TupaNaNyundo

PekuPeku, Bowker namkubali na sehemu kubwa ya unayosema naikubali. Lakini wewe uko kwenye nyasi za Uholanzi. Huyu yuko Limuru, barabara za changarawe, farasi wa mbio ambao soli zao ni nyembamba tangu kuzaliwa. Ukimng'oa viatu leo na kesho akapandwa na mtoto, atatua kwa ncha kwa sababu ya maumivu ya soli, na ukitua kwa ncha visigino vinazidi kubana. Umerudi palepale. Kung'oa viatu ni dawa kama farasi atapumzishwa mahali laini. Swali ni kama bosi wa Saisi atakubali kumpumzisha farasi anayemletea pesa.

Na mjadala huu wala si wenu nyie wa intaneti. London, chuo cha mifugo kilianzishwa 1791, na wanafunzi wake wa mwanzo mmoja alikuwa Bracy Clark. Huyu aliandika akapiga kelele kwamba kiatu cha chuma kinaufunga ukwato usipanuke, akatengeneza kiatu chenye bawaba kwenye ncha ili kifunguke na kufunga pamoja na mguu. Upande wa pili alikuwepo Edward Coleman, aliyekishika chuo baada ya mkuu wake wa kwanza, Sainbel, kufariki 1793, yeye akasema la maana ni frogi iguse na kubanwa na ardhi, akabuni viatu vyake vya kuikandamiza. Hawakupatana hata kidogo. Kiatu cha bawaba hakikuenea, na frogi iliyooza ukiikandamiza unamtesa mnyama. Lakini kila mmoja alishika upande wa ukweli, na sisi bado tunagombania vipande vilevile.

#6 DadaDaktari

Kabla hamjafika mbali na historia yenu, naomba kusema kitu kama daktari wa mifugo.

SaisiWaTigoni, mguu MMOJA umebana kuliko mwingine, na farasi anakata hatua kwenye ardhi ngumu. Hapo mimi siulizi kiatu kwanza, nauliza panauma wapi. Farasi wengi hubana visigino kwa sababu wamekuwa wakiupumzisha mguu huo muda mrefu. Nyuma ya mfupa wa kwato kuna kamfupa kadogo kanaitwa navikula, na kano inayopita chini yake. Pakiuma hapo farasi anakwepa kukanyaga kisigino, na miezi ikipita ukwato unakuwa mwembamba. Mkija na tupa na misumari mtakuwa mnatibu kovu mnaacha kidonda.

Mwambie bosi amwite daktari aje na sindano ya ganzi. Mishipa ya fahamu ya nyuma ya mguu inatiwa ganzi, farasi anatembezwa tena. Akiacha kuchechemea, maumivu yako sehemu ya nyuma ya ukwato. Na mara nyingi ukitia ganzi kushoto, ghafla anaanza kuchechemea kulia, kumbe miguu yote miwili ina shida na huo wa kushoto ndio ulioficha mwenzake. Baada ya hapo ndipo picha ya eksirei.

Lingine. Shika vile vifundo viwili laini vya nyuma ya ukwato, kimoja kila mkono, jaribu kukisogeza kimoja juu na kingine chini. Vikicheza kila kimoja peke yake, na farasi akavuta mguu, ufa umeingia ndani sana. Hilo ni ambukizo, na linauma kiasi cha kumfanya atue kwa ncha bila navikula kuhusika hata kidogo.

La mwisho na la haraka kuliko yote: chanjo ya pepopunda. Farasi ni mwepesi kuupata ugonjwa huo kuliko wanyama wengine wa kufugwa, na vijidudu vyake vimejaa kwenye udongo na kinyesi cha farasi wenyewe. Ufa unaofika kwenye nyama ni mlango. Kama hujui lini alichanjwa, uliza leo, usingoje uzi uishe.

#7 SaisiWaTigoni

Asante sana dada, nimepita ofisini kuangalia daftari, chanjo anayo. Nimefanya hilo jaribio la vifundo. Vinacheza, na alinivutia mguu karibu anibwage.

TupaNaNyundo, majibu yako: msumari wa mwisho uko nyuma ya pale palipo papana, upande wa nje na wa ndani vilevile. Kiatu kimeishia kabla ya kisigino, na ukwato umemwagika nje ya chuma pembeni. Anatua kwa ncha mguu wa kushoto, kulia anatua bapa. Frogi ya kushoto upana wake haufiki hata nusu ya urefu.

Na viatu vya zamani, bahati nzuri vya awamu iliyopita bado viko kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Cha kulia kina ile alama ya kung'aa nyuma pande zote mbili. Cha kushoto hakina kitu, kina kutu tu.

#8 TupaNaNyundo

Hicho kiatu chenye kutu kimesema yote. Visigino vya mguu wa kushoto havikusogea mzunguko mzima, tangu kiatu kipigwe hadi king'olewe.

Sasa nitoe ushauri kwa mpangilio wa kazi, na mpangilio ndio wenye uzito hapa.

Kwanza huo ufa. Usikate frogi kuufungua. Ondoa vipande vilivyoning'inia tu, vinavyoficha uchafu. Osha, kausha kabisa, halafu chukua kitambaa cha bendeji, kipitishe ndani ya ufa kwa utaratibu, vuta huku na huku mpaka kitoke safi. Atakataa siku za mwanzo, mshikie mguu chini-chini usiupandishe. Kisha tia dawa aliyokupa daktari, na uache pamba kidogo ndani ili pasijifunge juu na kuoza chini. Kila siku. Mrututu watu wanautumia sana na unaua vijidudu kweli, ila ukigusa nyama hai unaunguza, usiumwage hivihivi kama chumvi kwenye nyama choma. Na chumba chake kiwe kikavu, mkojo uondolewe asubuhi na jioni. Ukimtibu mguu halafu ukamsimamisha kwenye mbolea mbichi umepoteza dawa.

Pili ni kuchonga. Ncha ya mbele irudishwe nyuma. Ikiwa ndefu, mguu unachelewa kuachia ardhi, na visigino vinazidi kuvutwa mbele. Visigino vishushwe kidogo kidogo hadi vielekee usawa wa sehemu pana ya frogi, si kwa siku moja. Na ile mikunjo ya ukuta inayoingia ndani pembeni mwa frogi isichimbwe. Kuna mafundi wanapitisha kisu hapo, ukwato unaonekana mpana na msafi, mteja anafurahi. Wameondoa mhimili uliokuwa unazuia visigino visikaribiane. Mwezi ujao vimebana zaidi.

Tatu ndipo kiatu. Misumari yote iwe mbele ya sehemu pana, hata ikibaki minne au sita. Nyuma chuma kiwe kipana kuliko ukwato, ukitazama kwa juu uone ukingo wa chuma umetokeza nje ya kisigino kila upande, unene wa sarafu, ili ukwato ukipanuka upate pa kukaa. Chuma kifike nyuma mwisho wa kisigino, kisikatwe kifupi kwa hofu kwamba mguu wa nyuma utakikanyaga. Na sehemu kisigino kinapokaa iwe bapa. Fundi asiyejali anaacha chuma kimelala kuelekea ndani, farasi akikanyaga visigino vinateleza kukutana. Hicho ni kiatu cha kubana ukwato na kimetengenezwa kwa pesa yako.

Kuna kinyume chake, chuma kilicholazwa kuelekea nje ili visigino viteleze kuachana. Wafaransa walikuwa nacho tangu karne ya 17, wakikiita pantoufle. Nimekitumia, kinafanya kazi kwa farasi mmoja mmoja na kwa mkono wa mtu anayejua. Mteremko ukizidi unamchana ndani. Springi za bosi wako ndizo hizohizo kwa fujo zaidi: zinasukuma saa zote, farasi akisimama, akilala, akiumwa. Ukwato si mlango wa bati. Ukuta umeshikwa na nyuzi hai kwenye mfupa, na ukiusukuma kwa nguvu kabla maumivu hayajaondoka unazivuta nyuzi hizo.

Kiatu kilichofungwa nyuma anachotaka fundi wenu si kibaya. Kinasaidia kubeba kisigino dhaifu, na kile chenye ulimi wa kubeba frogi kinarudisha kazi kwa frogi. Lakini frogi yenu imeoza. Ulimi wa chuma juu ya frogi iliyooza, hata mimi ningechechemea. Kiatu hicho kina zamu yake baadaye, kama kitahitajika.

Na mzunguko uwe wiki 4 hadi 5, basi. Ukwato unakua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Ukifika wiki ya 8 kiatu kimeshavutwa mbele, kisigino kimezidi chuma kikaanza kujikunja ndani. Kazi nzuri ya fundi wa wiki ya kwanza imegeuka sumu.

#9 BwanaKejeli

Nilikuja kucheka sasa nimeshika daftari. Mkuu swali la mtu asiyejua: hiyo misumari haimuumi?

#10 SaisiWaTigoni

Haimuumi kama imepita kwenye ukuta mkavu nje ya mstari mweupe, ule unaounganisha ukuta na soli. Ukuta huo hauna hisia, kama kucha. Ikiingia ndani ya mstari ndipo farasi anaruka, au wiki inayofuata anapata usaha. Fundi anasikiliza mlio wa nyundo, msumari ukienda vizuri unalia vingine, ukienda nyama hai unakuwa mzito.

#11 MzeeWaGilgil

Vijana mmeandika vizuri. Mimi ni wa farasi wa polo, nimeinama chini ya farasi tangu wengi wenu hamjazaliwa, na mgongo unanikumbusha kila asubuhi.

Kuna jambo hamjaligusa: ukavu. Kiangazi cha Januari na Februari kwato zinakuwa ngumu mpaka kisu kinarudi. Zamani tulikuwa tunamsimamisha farasi kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, au tunampaka kinyesi cha ng'ombe chini ya ukwato usiku kucha.

Na kuna kiatu hamkukitaja kabisa, nyote, wa Uarabuni na wa Uzunguni. Nusu kiatu. Kipande cha chuma kinachofunika ncha peke yake, misumari minne, kinaishia kabla ya ubavu. Visigino na frogi vinabaki chini, vinagusa ardhi. Ncha haivunjiki, soli ya mbele imeinuliwa kidogo, na nyuma ni peku. Unampeleka malishoni miezi kadhaa, humpandi. Farasi wa polo waliobana visigino, msimu ukiisha tulikuwa tunawapiga nusu kiatu na kuwaachia uwanda. Wakirudi, frogi imejaa.

#12 PekuPeku

Mzee, kinyesi cha ng'ombe kwenye ufa unaonuka? Hapana jamani. Huo ni ualikaji wa vijidudu. Maji mengi yanaulainisha ukuta, hayafungui kisigino. Lakini nusu kiatu nakunja mkono kifuani, nakubali. Ni peku kwa asilimia kubwa.

#13 TupaNaNyundo

Mzee shikamoo. Kwenye nusu kiatu umefunga mjadala, nashangaa sisi wawili tumebishana bila kukikumbuka. Ni cha zamani kuliko London yangu ile: Lafosse, fundi wa mabanda ya mfalme wa Ufaransa, miaka ya 1750 alikuwa anapigania kiatu kifupi kinachoacha frogi na visigino chini. Hoja yake ilikuwa hiyohiyo yako.

Sharti moja tu: unene wa chuma ushuke taratibu mwishoni, au uchongewe kitako kwenye ukuta, ili mguu ukae sawa. Ukigongomea kipande kinene mbele na nyuma hakuna kitu, umempandisha ncha na kuivuta kano ya nyuma, na huyu bado tunamshuku navikula.

Kwenye kinyesi nasimama na PekuPeku. Sipingi kwamba ukwato mkavu ni mgumu, ila huku kwetu jangwani kwato ni kavu mwaka mzima na wapo wenye visigino vipana sana, wale wanaotembea mchangani kila siku. Kutembea kumeshinda maji.

#14 MzeeWaGilgil

Marahaba. Kinyesi nimekiacha, nusu kiatu siachi.

#15 MwanaAmu

Hodi humu. Mimi sina farasi, nina punda wawili wa kubebea mawe na mchanga hapa Amu, yaani Lamu. Baada ya kusoma uzi huu nimekwenda kuwainua miguu, na wote wawili kwato zao ni nyembamba, zimesimama wima, ukilinganisha na hizo mnazosimulia. Je, nao wamebana visigino? Punda wetu hawavai viatu, ni mchanga na mawe ya vichochoroni tu.

#16 DadaDaktari

MwanaAmu, tulia kaka. Ukwato wa punda ndivyo ulivyoumbwa: mwembamba, umesimama wima zaidi, pande zake karibu zinakwenda sambamba, na frogi imekaa nyuma zaidi kuliko ya farasi. Ukimpima punda kwa kipimo cha farasi kila punda wa Amu ataonekana mgonjwa. Tazama mambo mengine: frogi inanuka? Anachechemea? Ncha imekua ikapinda juu? Kama hapana, mchongee kwa wakati na umpumzishe. Kwenu kuna kliniki ya The Donkey Sanctuary tangu 1987, wapelekee wakuangalizie. Na mizigo uipunguze, hilo nasema bila kupima ukwato.

#17 MwanaAmu

Ahsanta dada. La mizigo nimelisikia.

#18 SaisiWaTigoni

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilimchapishia bosi uzi mzima nikamwekea mezani pamoja na kile kiatu chenye kutu. Aliguna. Kilichombadilisha ni hesabu ya kumlipa fundi kila wiki 5 ukilinganisha na kupoteza farasi kabisa.

Daktari alikuja. Ganzi ilipoingia kushoto alitembea vizuri, na kulia hakukutokea kitu. Eksirei ya navikula daktari ameitazama, amesema hajaona la kumtisha kwa umri wake, ila ufa ni mbaya na umefika ndani. Ametoa dawa, na mimi napitisha kitambaa asubuhi na jioni. Harufu imepungua sana. Jana kwa mara ya kwanza aliniachia mguu bila kunisukuma ukutani.

Viatu vya mbele vyote viwili vimetoka. Yuko kwenye kipande cha nyasi nyuma ya banda, watoto wamehamishiwa kwa farasi wengine, kuna mzazi mmoja amelalamika lakini atazoea. Kwenye changarawe simpitishi.

Swali langu ni mbili. Nitangoja muda gani kabla ya kuona kitu? Na nitajuaje kama ukwato unafunguka kweli na si macho yangu yanayotaka ufunguke?

#19 TupaNaNyundo

Muda: pembe mpya inashuka kutoka juu kwenye ngozi. Nyuma kwenye kisigino ukuta ni mfupi, unajibadilisha wote kwa miezi minne, mitano. Ncha ya mbele inachukua miezi 9 hadi mwaka. Kwa hiyo kwanza utaona juu, chini kidogo ya nywele, pembe mpya inashuka kwa upana tofauti na ile ya zamani chini yake. Hapo kati panaweka pindo unaloweza kulipapasa kwa kidole. Ukilikuta pindo hilo pande zote mbili za nyuma, jua amerudi kukanyaga.

Kupima: usitumie macho. Safisha ukwato, weka karatasi ngumu chini, chora kuzunguka kwa penseli iliyosimama wima. Kisha pima sehemu mbili tu: umbali kati ya ncha za nje za visigino, na upana wa frogi palipo papana. Andika tarehe. Rudia kila mara baada ya kuchongwa, si kabla, maana ukwato mrefu unadanganya. Piga na picha kwa chini, simu ikiwa sambamba na soli, usipige kwa pembeni. Mwezi wa kwanza namba zinaweza zisisogee hata kidogo, au kisigino kikaonekana kimepungua kwa sababu kimechongwa. Usibabaike, tazama anatuaje. Atakuwa anatua kwa kisigino kabla namba hazijabadilika.

#20 DadaDaktari

Na asirudishwe kazini siku harufu itakapoisha. Ufa ujae kutoka chini kwenda juu hadi ubaki bonde la kina kifupi unaloweza kulifuta kwa kidole gumba. Kabla ya hapo ukimtia kwenye kazi ngumu utaanza upya.

#21 PekuPeku

Saisi, kuna viatu vya mpira vya kuvalisha na kuvua, vya kumtembezea tu kwenye changarawe dakika chache kwa siku. Kama bosi atakubali, kutembea polepole mahali pagumu kiasi, huku anatua kwa kisigino, kutamjenga kuliko kusimama kwenye nyasi. Ila avuliwe akirudi, asilale navyo, vinatunza unyevu.

#22 SaisiWaTigoni

Bosi amesema tutaona, na kwa lugha yake hiyo si hapana. Mzee wa Gilgil, hiyo nusu kiatu unaweza kututengenezea? Fundi wetu anasema hajawahi kuipiga, lakini yuko tayari kujifunza.

#23 MzeeWaGilgil

Nakuja Nairobi mwisho wa mwezi, nitapitia hapo. Fundi wenu awepo, sichukui mteja wa mtu. Yeye ndiye atakayepiga, mimi nitasimama pembeni nimshikie mguu na kumwelekeza. Fuawe aje nalo, langu ni zito kupanda matatu. Miguu iwe mikavu tangu usiku uliopita, na usimchonge kabla sijafika hata kama ncha imekukera, nataka niuone ulivyo. Na mwambie bosi malipo ni siku hiyohiyo, si wiki ijayo.